Mtoto wa miaka 8 anakoroma kama mzee, darasani anasinzia: ni gari la shule au ni ugonjwa?

FundiChanika

Habari za usiku, wakuu. Ni saa 7 na dakika kadhaa, nimezima cherehani ili niandike, maana nikiiacha hadi asubuhi nitaona haya.

Mimi ni fundi nguo, nakaa Chanika, Dar. Tuna vyumba viwili. Kimoja nalala mimi na mama watoto, kingine ndiyo sebule, ndiyo karakana yangu, na nyuma ya pazia ndiko wanakolala Sele na dada yake. Nashona sare za shule, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Januari silali kabla ya saa 8. Kwa maana hiyo usingizi wa huyu mtoto naujua kuliko mtu mwingine yeyote, nimekesha naye hatua tatu kutoka kwangu miaka yote.

Sele ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Anakoroma. Sisemi ile sauti ya mtoto mwenye mafua, nasema kukoroma kwa mzee aliyeshiba pilau la shughuli. Alianza akiwa na miaka 5 au 6 hivi. Na nikiri hapa hapa: mimi nilikuwa nafurahi. Nikimsikia najisemea, huyu kalala fofofo, kachoka na michezo, acha apumzike. Kuna siku nilimwita mama yake aje asikilize mwanawe anavyofaidi.

Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya pindo la sketi. Mashine yangu ni ya mota, ikanyamaza. Nikakaa gizani nikingoja, ndipo nikamsikia vizuri kwa mara ya kwanza. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Nikamulika na tochi ya simu. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haiingii, kama mtu anayevuta mlango uliokomewa kwa ndani. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, anageuka, anaanza upya. Nikahesabu vile vimya kwa sekunde: nane, kumi na moja, sita, kumi na moja tena. Umeme uliporudi sikuwasha mashine.

Tangu siku hiyo naona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Analala shingo kaitupa nyuma, mdomo wazi. Foronya asubuhi imelowa jasho hata msimu wa baridi. Alishaacha kukojoa kitandani akiwa na miaka 4, akarudia akiwa na miaka 7, na dada yake sasa anamwita kikojozi mbele za wenzake. Akiamka anasema kichwa kinauma. Mwili hauongezeki, kaptura niliyomshonea mwaka juzi kiuno bado kinamtosha.

Sasa mnisikilize na upande wa pili. Shule yake iko Tabata (shangazi yake anafundisha huko, ada tunapunguziwa, ndiyo sababu). Gari la shule linaanzia kwetu, tunapitiwa wa kwanza saa 10:50 alfajiri. Linazunguka Pugu, Majohe, Gongo la Mboto, Ukonga, linafika shuleni saa 1 kasoro. Kumwamsha ni saa 10:20, na kumwamsha kwenyewe ni kumvalisha soksi akiwa bado amelala. Jioni anarudishwa wa mwisho, saa 11:30. Aoge, ale, afanye kazi za shule, anaingia kitandani saa 3. Piga hesabu mwenyewe: saa saba na dakika ishirini.

Mwalimu kaandika kwenye daftari la mawasiliano kwa kalamu nyekundu: "Anasinzia, hamalizi kazi. Mzazi amlaze mapema." Muhula uliopita aliandika neno moja tu, "Mvivu." Lakini Jumamosi huyo mvivu huwezi kumkamata. Anaruka, anagombana, hatulii hata dakika mbili kwenye kiti. Ndiyo maana jirani zangu wananicheka nikisema ana tatizo la usingizi.

Mama mkwe anasema ni jinamizi linamkaba, asomewe. Tumemsomea na tutaendelea kumsomea, sioni ubaya wake. Jirani anasema kimeo kimekuwa kirefu, na kuna mzee anakata.

Swali langu: nimtoe kwenye hilo gari, nimhamishe shule, au nianze na hospitali? Na kama ni hospitali, naanzia kwa nani? Bima sina.

MzeeKobe

Fundi pole. Nilitaka nikutanie kwamba mtoto karithi kwa baba, ila nimefika kwenye kimeo nikaacha utani.

Wangu wa pili tulimpeleka kukatwa kimeo akiwa na miaka 3. Babu mmoja, kiwembe, chumvi, dakika moja kazi imeisha. Usiku wake damu haikukata, tukamkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda, mama yake kamkumbatia, kitenge kizima chekundu. Akaongezewa damu. Na kukoroma? Kulibaki pale pale. Kimeo kiondoe kabisa kwenye orodha yako.

Tabibu_Kijijini

FundiChanika, mimi ni afisa tabibu, niko kituo cha afya, siyo bingwa. Lakini ulichokiandika, hasa lile la kifua kuhangaika na hewa isiingie, ni maelezo mazuri kuliko ninayopewa na wazazi wengi nikiwa nimekaa nao uso kwa uso. Hilo la kuziba linahitaji daktari, na lisisubiri likizo.

Nikueleze kinachotokea. Nyuma ya pua, juu ya koo, kuna nyama inaitwa adenoidi, huwezi kuiona kwa kumwambia mtoto afungue kinywa. Pembeni mwa koo kuna tonsesi, hizo unaziona. Zote ni askari wa mwili. Kati ya miaka 2 na 8 hivi ndipo zinapokuwa kubwa ukilinganisha na njia ya hewa ya mtoto. Mchana misuli ya koo inaishikilia njia wazi. Akilala misuli inalegea, njia inajifunga, hewa inakosekana. Ubongo unamshtua apumue. Mtoto haamki hadi akakumbuka, lakini usingizi wake unakatwa vipande usiku kucha. Wewe umeona saa saba, yeye hakupata hata hizo.

Ndiyo maana jasho: anafanya kazi ya kupumua kama anapanda mlima. Kukojoa nako kunaingia humo humo. Kifua kinapovuta hewa kwa nguvu dhidi ya njia iliyoziba, moyo unavutika, unatoa homoni inayoiambia figo itengeneze mkojo zaidi, na kuna usingizi wa vipande juu yake. Mtoto akirudia kukojoa baada ya kukauka miaka mitatu, usimwite kikojozi, mtafute sababu. Mpime na sukari ya mkojo siku hiyo hiyo mkifika, ni kipimo cha dakika chache na hakipaswi kurukwa. Mwili kutoongezeka: homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi kwenye usingizi mzito, na huo ndio anaoukosa. Na huko kuruka ruka Jumamosi: mtu mzima akikosa usingizi anazubaa, mtoto mara nyingi anakuwa kama amelewa soda. Jirani zako wacheke tu.

Naomba ujibu haya:
Je, anakoroma usiku mingapi kwa wiki? Ni kila usiku au ni siku za mafua tu?
Ameshapimwa selimundu? Watoto wenye selimundu hili tatizo linawapata sana, na hewa ikipungua kwao hatari ni kubwa zaidi.
Mnawasha udi wa mbu chumbani?
Na hilo la mwisho ulilitaja mwenyewe bila kujua: ni vumbi gani la kitambaa linabaki kwenye chumba hicho ukimaliza kazi usiku?

Hospitali omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Dar mpo pazuri, hata hospitali za rufaa za mkoa wapo, na Muhimbili kuna idara nzima. Kabla hujaenda, mrekodi video kwa simu, dakika mbili tatu, kifua wazi, na sauti isikike. Rekodi kuanzia saa 8 usiku kwenda alfajiri, maana ule usingizi wa ndoto unazidi kuelekea asubuhi na ndipo misuli inalegea zaidi. Daktari atamwona mtoto wako saa 4 asubuhi akiwa macho, anacheka. Video ndiyo shahidi wako.

Na tafadhali usimpe dawa ya maji ya mafua ili "alale vizuri". Watu wengi wanafanya hivyo. Kwa mtoto mwenye njia iliyoziba, kumzidishia usingizi ni kumlegeza zaidi.

TichaTanga

Mimi ni mwalimu, darasa la pili na la tatu, mwaka wa kumi na nne sasa. Fundi, naomba nimsemee huyo mwenzangu wa kalamu nyekundu, kisha nijisemee mimi.

Darasa langu lina watoto 62. Saa 4 baada ya uji vichwa vinaanza kuanguka kama maembe. Huwezi kujua yupi alikesha kwenye ngoma, yupi hakula jana, yupi anaumwa. Unaandika "mvivu" kwa sababu ndilo neno lililo karibu na kalamu.

Nilikuwa na binti mmoja, mdomo wazi muda wote, sauti ya puani, jina lake nikiliita mara tatu ndipo aitike. Nilimsimamisha ukutani mara nyingi tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa hasikii vizuri, nyama za pua zilikuwa zimeziba na njia ya kwenda masikioni. Alihama, sikupata hata nafasi ya kumwambia chochote.

Siku hizi mtoto akisinzia namwacha alaze kichwa dakika kumi na tano, kisha namwamsha namtuma chaki. Akirudia siku tatu mfululizo namwita mzazi, na swali la kwanza ninalouliza siyo "analala saa ngapi", ni "analalaje". Nimejifunza hivyo. Nenda shule, Fundi. Usiandike kwenye daftari, nenda mwenyewe na hiyo video umwonyeshe mwalimu.

MamaKayole

Habari ndugu zetu wa Bongo. Mimi niko Nairobi. Hapo kwa gari la shule mmenigusa.

Huku kwetu Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo kwa shule za kutwa ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 na nusu. Karatasi inasema hivyo. Basi la shule mtaani kwetu linapiga honi saa 11 kasoro robo, na dereva asipokuona baada ya honi ya pili anaenda zake.

Lakini wangu si mdogo, ana miaka 15, na shida yake ni kinyume cha Sele. Hakoromi, hapati tu usingizi. Saa 6 usiku macho makavu, saa 11 alfajiri ni kama kumfufua. Babake anasema ni simu. Tumechukua simu, tukaifungia kwa kabati. Sasa analala saa 5 na nusu badala ya saa 6. Tabibu, hii ni nini?

Tabibu_Kijijini

MamaKayole, babake yuko sahihi kidogo tu. Akibalehe, saa ya mwili inasogea mbele. Homoni ya usingizi, melatonini, inachelewa kupanda jioni, kwa hiyo kumwambia kijana wa miaka 15 alale saa 3 ni kama kukwambia wewe ulale magharibi. Mwanga wa simu unaichelewesha zaidi, ndiyo maana kuifungia kumewapa nusu saa. Umri huo anahitaji saa 8 hadi 10, wa Sele 9 hadi 12. Marekani chama cha madaktari wa watoto kilishauri mwaka 2014 sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na California wakaifanya sheria, ikaanza kutumika 2022. Sisi bado tunashindana nani anafungua geti mapema.

Mfanyie hivi: Jumamosi na Jumapili usimwache alale hadi saa 5 mchana, mzidishie saa moja au mbili tu juu ya kawaida, kisha atoke nje apigwe na jua la asubuhi. Jua ndilo linaloirudisha ile saa nyuma. Na chai ya rangi baada ya saa 9 alasiri, hapana. Soda zile za kuongeza nguvu ndiyo kabisa.

MamaKidoti

Samahani kwa kudandia uzi. Wangu ana miezi 7, anaamka mara nne usiku, mama yangu anasema nimpe uji mzito saa 4 ndipo atalala, na dawa ya kifua kidogo. Nifanye?

Tabibu_Kijijini

MamaKidoti, dawa ya kifua usimpe. Miezi 7 kuamka ni kawaida, hasa anayenyonya. Kumjaza uji usiku hakumlazi, kunamvimbisha tu. Kinachosaidia ni kumweka kitandani akiwa anasinzia lakini bado macho, ili akishtuka usiku ajikute mahali pale pale alipolalia. Usiku usiwashe taa kubwa wala usimchezeshe. Mlaze chali, godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito, chandarua kichomekwe vizuri. Kama hakui, au anakoroma, au ana homa, mlete. Ukihitaji zaidi fungua uzi wako, hapa tusimpoteze fundi.

FundiChanika

Nimerudi, ni wiki ya pili. Majibu ya Tabibu: anakoroma kila usiku, hata asipokuwa na mafua. Selimundu alishapimwa, hana. Udi wa mbu tunawasha. Tulikuwa tunawasha.

Na lile la vumbi. Tabibu, nimelifikiria sana hilo. Nimeinua godoro lake. Kati ya godoro na ukuta nimekuta nyuzi, vumbi la tetroni la kijani, la bluu, shule zote za Ilala zipo pale. Nilikuwa nafagia sakafu kila siku, chini ya kitanda sikufagia.

Video nilirekodi usiku wa tatu, saa 9. Mama yake alikuwa hajawahi kuona, yeye hulala mapema kwa sababu huamka alfajiri kukaanga vitumbua. Nilimwonyesha akiwa jikoni. Aliangalia mara moja, akanirudishia simu, akaendelea kugeuza vitumbua, kisha akasema, "Kesho siuzi. Twende."

Tulianza hospitali ya wilaya, tukapewa rufaa. Daktari wa pua na koo kijana tu, kaitazama video mara mbili bila kusema neno. Kamwangalia koo: tonsesi karibu zinagusana katikati. Eksirei ya shingo kwa pembeni, akanionyesha kwa kalamu mahali hewa inapopita. Wakuu, mimi kazi yangu ni vipimo. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba kama nafasi ya kupitisha lastiki. Mkojo ulipimwa, sukari hana. Nikamuuliza kuhusu kile kipimo cha kulala na waya usiku kucha, akasema kwa dalili hizi na hiyo video hatakingoja.

Kapewa dawa ya kupuliza puani kila jioni, arudi baada ya wiki sita waone. Ila kaniambia nijiandae, kwa ukubwa ule huenda ikawa kuondoa vyote, adenoidi na tonsesi.

Nilichobadilisha nyumbani: mashine nimehamishia barazani, nimeziba kwa maturubai. Mbu wananila mimi, siyo yeye. Udi hakuna, chandarua tumenunua kipya. Na gari: nimekaa na dereva. Sele hapandii tena Chanika. Namwamsha saa 11:20, tunapanda wote daladala, gari linamkuta Gongo la Mboto. Nimempa saa nzima ya kulala kwa nauli ya daladala. Narudi nashona. Wanaoniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo, sina jibu, nilijua gari linaanzia kwetu na nikaona ndiyo hivyo lilivyoumbwa.

Shuleni nilikwenda kama Ticha alivyoshauri. Mwalimu kaangalia video hadi mwisho. Akaniomba lile daftari, akachana ukurasa wa muhula uliopita, akauweka mfukoni mwake.

TichaTanga

Hapo kwenye ukurasa nimenyamaza kidogo. Mpe salamu zangu huyo mwalimu.

Tabibu_Kijijini

Vizuri sana fundi. Mkifika kwenye upasuaji, mambo manne uyashike. Moja, siku za mwanzo ataendelea kukoroma, pengine na zaidi, kwa sababu ya uvimbe, msije mkadhani imeshindikana. Mbili, kooni patakuwa na utando mweupe na mdomo utanuka, hilo siyo usaha. Tatu, maumivu mpe parasetamo kwa uzito wake kama mtakavyoelekezwa, na dawa yenye kodini, ile kali ya maumivu na kikohozi, asipewe kabisa, hata kama jirani anayo kabatini. Anywe sana. Nne, na hili ndilo kubwa: kuanzia siku ya tano hadi ya kumi ule utando unabanduka, na hapo damu inaweza kutoka. Ukiona damu mbichi, hata kijiko, au anameza meza mate usiku akiwa amelala, usingoje asubuhi.

FundiChanika

Wakuu, ni mwezi wa tatu tangu nianzishe huu uzi. Nimeona kuna wanaouliza kilichoendelea.

Ile dawa ya puani ilisaidia mafua, kukoroma kukapungua kidogo, vile vimya vikabaki. Wiki ya sita daktari akasema tusiendelee kubahatisha. Kulipia kulikuwa shughuli. Ovaloki yangu, ile mashine ya kumalizia pindo, niliuza. Ilikuwa Juki, nimeinunua mkononi lakini nzima. Jamaa aliyeinunua alinionea huruma akaniongezea kidogo, sitasahau.

Waliingia naye saa 3 asubuhi, saa 4 na nusu ametoka. Alilala hospitali usiku mmoja. Swali lake la kwanza alipozinduka, kwa sauti kama ya bata: "Nimekojoa?" Hakuwa amekojoa.

Siku za mwanzo ni kama Tabibu alivyosema, na ningekuwa sijaambiwa ningelia. Alikoroma kama mashine ya kusaga. Mdomo unanuka. Maji anameza machozi yanamtoka. Tulimpa juisi ya ubuyu mama yake akidhani ni baridi itamtuliza, ikamchoma, tukarudi kwenye maji na uji uliopoa. Siku ya saba usiku nilikaa na tochi namulika shuka kila nusu saa kutafuta damu. Haikutoka.

Siku ya tisa nilikuwa barazani nashona, saa 7 hivi. Nikahisi kitu kimepungua. Unajua ukikaa karibu na kinu cha kusaga ukazoea, kikizimwa ndipo unashtuka. Niliinuka mbio, kiti kikaanguka. Nikainua pazia. Kalala kwa ubavu, mdomo umefungwa. Umefungwa! Sikumbuki kumwona amelala mdomo umefungwa. Nikaweka kidole chini ya pua, hewa inatoka, ya uvuguvugu, taratibu. Dada yake akaamka akaniuliza baba unafanya nini, nikamwambia lala.

Sasa hivi: darasani hasinzii kila siku, ila Ijumaa bado. Kichwa hakiumi. Kilo moja na nusu ameongeza, kaptura sasa inambana, nashukuru na inanikera maana ni kitambaa kizuri. Kukojoa hakujaisha. Kutoka kila siku imekuwa mara mbili kwa wiki, juzi hakukojoa, jana kakojoa. Tabibu, ni kawaida? Dada yake nimemkataza lile jina, na adhabu yake ni kumsaidia kuanika.

Tabibu_Kijijini

Ni kawaida, wengine huchukua miezi. Muda wa kunywa sana uwe mchana, si usiku, na aende chooni kabla ya kulala. Baada ya miezi sita kama bado, rudini. Na ikitokea kukoroma kunarudi hata miaka miwili ijayo, rudini pia, kwa wachache hurudi. Usihesabu tu kwamba imekwisha, sikiliza. Bahati nzuri wewe huwa uko macho.

MamaKayole

Asante kwa kurudi kutuambia, fundi. Wangu sasa analala saa 4 na nusu. Babake anasema ni yeye na kabati lake.

MzeeKobe

Fundi, hongera. Sasa nisikilize: nina wajukuu watatu wanaanza shule Januari, kaptura tatu, mashati sita. Bei gani? Na bila ovaloki pindo unamalizaje?

FundiChanika

Mzee, kukata na kushona ni kwangu, pindo napeleka kwa jirani yangu hapa Chanika, ana ovaloki, tunagawana. Haziachii nyuzi, usiogope. Nitumie viuno na urefu kuanzia kiunoni hadi gotini. Mwenye mwili mdogo mwachie nafasi ya vidole viwili.